Simu ilinitetea

"Umekunywa nini?"

Nesi aliuliza bila kuniangalia, anaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mbili kiunoni, ya ndani imeshalowa. Nikamjibu, chai. Na kweli nilikuwa nimekunywa chai, saa kumi na mbili asubuhi, na andazi ambalo sikulimaliza.

Akaacha kuandika. "We dada, sikuulizi chai."

Hapo ndipo nilipoelewa ninaulizwa nini: dawa ya kutoa mimba. Ningeweza kusema tu kwamba sijanywa kitu. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikafungua aplikesheni ya hedhi, nikamgeuzia kioo. Tazama sista, miezi kumi na minne, kila mwezi nimejaza. Hivi viduara ni vipimo vya yai. Hivi vimoyo ni... tazama mwenyewe. Natafuta mtoto mimi.

Akaishika. Akapandisha kwa kidole, akashusha, akapandisha tena. Sura ikalegea palepale.

"Pole sana mama. Mungu atakupa mwingine."

Kisha akageukia kitanda cha pili.

## Kitanda cha pili

Nitasema kidogo tu juu yake, maana habari zake si zangu za kugawa. Binti mdogo. Kanga ya njano, ndala za bluu, kiswaswadu mkononi kimefungwa raba ili betri isidondoke. Damu yake na yangu zilikuwa rangi moja. Akaulizwa lilelile: umekunywa nini? Hakujibu. Akaulizwa tena, safari hii kwa sauti ya kufika hadi kwenye benchi la nje. Akageuza uso, akatazama ukuta.

"Haya, kaa kimya. Tutaona."

Hilo "tutaona" nimerudi nalo nyumbani Ilazo, hapa Dodoma, kwenye bajaji, nimelala nalo, nimeenda nalo kazini. Leo ni wiki ya saba.

Sijui binti yule alifikaje pale. Huenda mimba ilimtoka yenyewe kama yangu, huenda hapana. Ila hakuwa na kioo cha kumgeuzia mtu. Na mimi, dakika mbili kabla yake, nilikuwa nimeshamfundisha nesi kwamba mwanamke asiye na hatia huwa na cha kuonyesha.

Hilo ndilo linaloniwasha. Hakuna aliyeniomba simu. Niliitoa mwenyewe.

## Siku za hatari

Wanaotafuta mtoto hawahitaji kuelezwa mambo ya vijiti vya kupima yai, kwa hiyo nitapita haraka. Nilikuwa naagiza Kariakoo, pakiti ya hamsini, inakuja na basi. Mchana, si mkojo wa asubuhi sana, unachovya mpaka kwenye alama, unalaza juu ya sinki, unasubiri dakika tano. Kosa langu la miezi mitatu ya kwanza lilikuwa kudhani vijiti vyote vinasomwa sawasawa. Kwenye kipimo cha mimba mstari wa pili, hata uwe hafifu kama uzi wa buibui, unahesabika. Kwenye kipimo cha yai mstari hafifu si kitu. Lazima ukolee kama mwenzake au kumzidi. Ukikolea, yai linatarajiwa kutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Likishatoka halikai hata siku mbili. Mbegu za mwanaume ndizo zenye subira, zinaweza kusubiri hadi siku tano.

Miezi mitatu nilikuwa namwamsha mume wangu siku zisizo zenyewe. Tulicheka baadaye. Kwa kuwa siku ambazo mimba inaweza kushika sisi wote tunaziita "siku za hatari", ikawa utani wa nyumbani: narudi kutoka kazini kule mji wa Serikali, Mtumba, hata sijavua viatu, yeye anauliza, "Leo hatari?" Namjibu, "Hatari tupu."

Siku moja nikakaa kulifikiria neno lenyewe. Kwenye Kiswahili chetu cha mtaani sijasikia jina lingine kwa siku hizo. Mwanamke anayeomba mtoto usiku na mchana naye anazisubiri siku za hatari. Lugha imekaa upande wa anayeogopa mimba, na nadhani ina sababu zake.

Shangazi yangu wa Mpwapwa alikuwa mhudumu wa afya wa kijijini, na nyumbani kwake ndiko nilikoziona kwanza shanga za kuhesabia. Mkufu wa shanga 32. Moja nyekundu, siku ya kwanza ya hedhi. Zinafuata za kahawia, halafu nyeupe kumi na mbili, kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, ndizo za hatari. Kisha kahawia tena mpaka mwisho. Una kipete cha mpira, kila asubuhi unakisogeza shanga moja. Hazimfai kila mtu. Mzunguko wako lazima uwe kati ya siku 26 na 32. Shangazi alikuwa anazivaa shingoni anapopita nyumba kwa nyumba, na wanaume walidhani ni urembo.

Kipete kikirudi kwenye shanga nyekundu, mwezi uliopita umefutika. Huwezi kuukuta popote. Nilipokuwa mdogo sikuona kama hilo lina maana yoyote.

## Tarehe

Bibi yangu wa Kongwa angesema mwezi umechelewa. Angengoja. Damu ikija baada ya wiki tatu, nzito, yenye mabonge, angesema mwezi umekuja kwa hasira, angekunywa uji wa uwele, angeenda shamba siku ya nne.

Mimi nilijua Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, siku ya kwanza tu ya kukosa. Kijiti cha shilingi elfu moja, kutoka duka la dawa la mtaani. Mistari miwili. Nikakipiga picha, nikajaza kwenye simu, na simu ikaniambia papo hapo kwamba nina wiki nne. Ndivyo inavyohesabiwa, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo ukikosa siku zako tu umeshapewa wiki mbili ambazo hukuwa na mimba kabisa. Wiki ya sita ikaniambia mtoto ni kama punje ya dengu. Wiki ya saba nikawa kwenye kile kitanda.

Nimesoma kwamba katika kila mimba 100 ambazo wenyewe wanazijua, kati ya 10 na 20 hutoka, nyingi kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu ya hizo za mwanzoni ni kasoro ya kromosomu ambayo hakuna mtu aliyeisababisha. Kwa hesabu hiyo, bibi na wenzake nao walipoteza mimba nyingi bila kujua ni mimba. Sisi tumepewa kujua. Nimelia msiba ambao bibi asingekuwa nao. Sijutii. Ningependa kujua tena kesho.

Lakini kujua huko kuna tarehe. Na tarehe inamfaa mtu mwingine pia.

Nilikwenda kusoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, jambo ambalo sikuwahi kulifanya licha ya kufanya kazi serikalini. Kifungu cha 150 ni cha anayemtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 152 ni cha anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake, miaka mitatu. Katikati yake ni cha 151, cha mwanamke mwenyewe, miaka saba. Nikaona kitu ambacho mwanasheria angekiona kwa kupita tu. Kifungu cha 150 hakijali kama mwanamke ana mimba kweli au hana. Cha 151 kinamtaka awe na mimba, na awe na nia.

Mimba na nia. Sasa fikiria simu yangu. Ina picha ya mistari miwili yenye saa na dakika, na ina miezi kumi na minne ya nia. Kwangu nia ilikuwa ya kupata, ndiyo maana nikaitwa mama. Mwenye simu kama yangu, aliyejaza kwa uaminifu kama mimi, lakini kila mwezi aliomba siku zake zisipite, naye angekuwa ameandika nia yake kwa mkono wake. Kurasa zilezile, rangi zilezile. Na nia ya asiye na simu ya namna hiyo, kama yule wa kitanda cha pili, inasomwa kwenye uso.

## Kwa nini wanauliza

Nilitaka kumchukia yule nesi, ingekuwa rahisi. Nikaenda kwa mwenzangu wa kwaya, muuguzi wa miaka mingi, wa kituo kingine. Baada ya mazoezi tukakaa nje ya kanisa, upepo wa Dodoma unatupiga vumbi la macho, nikamsimulia yote.

"Dada, hata mimi nauliza," akasema. "Aliyetumia mizizi au kijiti kuitoa mimba anaweza kuwa ameshaoza ndani, na usiku nikiwa peke yangu zamu akinifia nitasema nini? Lazima nijue."

Nikamuuliza kama matibabu yanabadilika.

"Akiwa na maambukizi, ndiyo, dawa zinaongezeka. Lakini kusafishwa ni kulekule. Iwe imetoka yenyewe au imetolewa, anayevuja damu anasafishwa, na ni haki yake, hakuna sheria inayokukataza kumtibu."

"Sasa kwa nini ile sauti?"

Akakaa kimya kidogo, anakunjua na kukunja kitenge chake.

"Tunaogopa. Kesi ikija, wanaanza kuuliza nani alimpokea, nani aliandika nini. Ukiwa mkali unaonekana hukushirikiana naye. Mimi nimeshakuwa mkali kwa mabinti ambao nilijua kabisa hawajafanya kitu." Akaongeza, kama anayejisemea: "Mtu akishaonekana msafi tunamwita mama. Mwingine anabaki 'we binti'."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, ila nilirudi nyumbani na mzigo mkubwa kuliko niliokwenda nao. Kwa sababu mimi nami nilikuwa nimeogopa, na woga wangu nilimtupia aliye nyuma yangu kwenye foleni.

Mtu atauliza msimamo wangu kuhusu kutoa mimba. Naimba sauti ya pili kwaya kuu. Nina maswali na Mungu ambayo hayajaisha na sidhani yataisha hapa. Sheria yenyewe haifungi mlango wote, kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Lakini miaka saba kwa mwanamke aliyelala anavuja damu, hiyo naikataa, na naikataa nikiwa mwanakwaya. Maneno ya vifungu hivi tumeyarithi kwa Waingereza, ukoo wake unarudi kwenye sheria yao ya 1861, na wao wenyewe walilegeza 1967. Sisi tumeitunza kama sahani za harusi.

## Kikopo

Nilikuwa nafua nilipokumbuka. Sijui ni harufu ya sabuni au nini.

Kidato cha tatu, shule ya bweni, tumerudi kutoka likizo ya Juni. Tumepanga foleni nyuma ya chumba cha matroni, kila mmoja na mkojo wake kwenye kikopo cha siagi kilichooshwa, namba imebandikwa kwa plasta. Yangu ilikuwa 41. Mihula ya nyuma tulikuwa tunabinywa tumbo, tunatafutwa mimba, na mama mmoja mwenye mikono baridi. Mwaka ule vilikuja vijiti, na matroni alituambia tushukuru, maendeleo yamefika, hakuna kubinywa tena.

Hatukuonyeshwa majibu. Kikopo kilipita dirishani, na ukiona hujaitwa hadi jioni, umepona. Namba 17 aliitwa. Kesho yake godoro lake lilikuwa limekunjwa.

Mwaka 2021, Novemba, Serikali ilitangaza kuwa aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi. Mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaiambia Tanzania ikomeshe kuwapima wanafunzi mimba kwa lazima. Namba 17, akiwa hai, sasa ana miaka kama yangu, thelathini na kitu.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma mikono ina povu. Miaka yote nimekiona kijiti kama kitu changu, cha bafuni kwangu, mlango umefungwa, siri yangu na sinki. Kumbe mara yangu ya kwanza kukutana nacho kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, kinanitafuta mimi. Ni kijiti kilekile. Na kule kituoni nilipogeuza kioo cha simu, nilikuwa nimepitisha kikopo dirishani kwa hiari yangu, nikangoja kama nitaitwa.

## Nani anaifungua

Wamarekani walishtuka Juni 24, 2022, Mahakama yao ya Juu ilipofuta hukumu ya Roe ya 1973, iliyokuwa inalinda haki ya kutoa mimba. Wanawake wengi wakaanza kufuta aplikesheni za hedhi wiki hiyohiyo. Walikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Flo, yenye moja ya aplikesheni maarufu kabisa za hedhi, ilikuwa imemalizana na Tume ya Biashara ya nchi hiyo, bila kukiri kosa, juu ya tuhuma kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni kama Facebook na Google huku imeahidi kuzitunza. Na kule jimbo la Nebraska polisi walichukua kwa hati ya mahakama ujumbe wa Facebook wa mama na binti yake, ukawa ushahidi kwenye kesi ya kutoa mimba.

Huku kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka habari za afya na za maisha ya kimapenzi kwenye fungu la taarifa nyeti. Nzuri. Naiunga mkono kwa mikono miwili.

Ila niambie, simu ya mwanamke wa Nkuhungu au Chang'ombe inafunguliwa na nani? Si mtu wa kampuni kule California. Inafunguliwa na kidole cha aliyelala pembeni yake. Na wifi anayeomba "nipigie mara moja". Na fundi simu anayetaka namba ya siri ili ajaribu kioo kipya, halafu anakwambia urudi jioni. Na mwenye simu mwenyewe, akitishwa kidogo tu. Hakuna sheria ya taarifa inayonikinga na mimi.

Utafiti wa 2013 ulikadiria mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania mwaka ule mmoja. Nimejaribu kuifikiria namba hiyo kama watu kwenye vitanda, nikashindwa. Serikali iliridhia 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, unaotaja utoaji salama wa mimba kwa aliyebakwa, kwa aliyepewa mimba na maharimu wake, kwa afya ya mama. Vile vifungu vya Kanuni ya Adhabu havikuguswa. Na ukumbi wa Bunge, vinapoweza kuguswa, uko hapahapa mjini, kwa bajaji tu kutoka kwenye kile kitanda.

## Zabibu

Sikuiambia simu kwamba mimba imetoka. Mwanzoni nilisahau, baadaye sikuweza. Kwa hiyo yenyewe ikaendelea.

Wiki mbili baada ya kusafishwa nilikuwa natembea karibu na Nyerere Square, msimu wa zabibu, akina mama wamezipanga kwenye ndoo na vifuko, nyekundu na nyeusi. Simu ikalia. Hongera! Wiki ya 9. Mtoto wako sasa ni kama zabibu.

Nilinunua kifuko kimoja. Sijui kwa nini. Nilikaa kwenye ukingo wa bustani nikala zote, na mbegu.

Wiki ya 12 ikawa ndimu. Mume wangu aliiona, akauliza kwa upole kwa nini siifuti. Nikamwambia nitafuta. Kuifuta kabisa niliona kama kuwakana wote wawili, dengu na yule binti. Kuendelea kupokea matunda nako ni wazimu, najua.

Jumamosi iliyopita ikaja wiki ya 14, limau. Nikafungua mipangilio, nikatafuta mahali pa kusimamisha mimba. Papo, chini kabisa, baada ya matangazo ya vitamini. Nikabonyeza. Ikaniletea ukurasa mweupe, pole zimeandikwa kwa herufi za waridi, na chini yake swali: mimba yako iliishaje? Chaguo zikajipanga. Imeharibika yenyewe. Imetolewa. Mtoto amezaliwa mfu. Na ya mwisho, kwa herufi ndogo kidogo, Sitaki kusema.

Kidole kilikwenda kwenye la kwanza, chenyewe, kama kule kituoni. Ndilo la kweli. Kikasimama hapo hewani hadi kioo kikaanza kufifia.

Nikabonyeza la mwisho.